Diski Zilizokataa Kulia

Baba yangu alinunua spea kwa masikio. Alijifunza kwa bibi, mama yake, aliyekuwa akinunua vyungu mnadani Ngulyati: anakigonga kwa kidole, kikilia vizuri anakibeba, kikitoa sauti butu anakirudisha, kina ufa hicho. Baba alipopata gari lake dogo akahamishia mambo hayo kwenye maduka ya spea. Nilikuwa naona aibu kufuatana naye. Leo natamani hata hiyo aibu.

Mwaka ule gari lilianza kutetemeka kila akikanyaga breki. Mjini Bariadi alikuwa ameshawakosakosa bodaboda, na sisi watoto tulitaka aache kuendesha. Akakataa katakata. Tatizo si yeye, alisema, ni diski za breki. Zikibadilishwa ataenda Sapiwi na kurudi kama zamani, dirisha wazi, akiitikia "mhola", salama ya Kisukuma, kwa kila anayemsalimu. Dada akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia akome, huyo ni baba.

Fundi alithibitisha diski zimelika na kupinda, basi tukaenda dukani. Muuzaji akatoa mpya za Mchina na za mtumba kutoka Japani. Akashauri mpya, maana za mtumba nazo zimeshaanza kulika.

"Kijana wangu, king'aacho kinaweza kuwa kibovu," baba akamwambia.

Akapitisha mpini wa nyundo kwenye tundu la diski ya mtumba, akainyanyua, akaigonga kwa spana. Akatikisa kichwa. "Hii ina ufa." Akagonga mpya. "Na hii." Akachukua nyingine, akaigonga kwa nguvu zaidi, sikio karibu kabisa. "Unatuuzia takataka gani?"

Duka zima lilikuwa linalia. Hiyo ya mwisho ililia mpaka muuzaji akaishika kwa kiganja kuinyamazisha. Aliniangalia mimi, na baba akaona tulivyotazamana.

"Inalia?" akaniuliza.

"Inalia, baba. Zote zinalia."

Akaweka spana juu ya kaunta, taratibu. "Haya, chagua wewe."

Nilichagua mpya. Fundi alipomaliza kuzifunga nikamwambia baba breki sasa zinashika vizuri, twende akazijaribu. Akanitazama, akaweka ufunguo mkononi mwangu, akazunguka gari, akafungua mlango wa abiria akaketi.