Tatizo Liko Upande Wako

Kwa miaka thelathini na mmoja Fundi Laini alikuwa na jibu moja kwa kila aliyelalamika kwamba simu yake imekufa. Alichomeka vipimo vyake pale kituoni, akasikiliza kidogo, kisha akasema kwa upole wa mtu asiyekosea, "Laini yetu iko sawa. Tatizo liko upande wako." Mara nyingi ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomharibu. Mtu akipatia mara tisa, ile ya kumi anaipita bila hata kugeuza shingo.

Mkewe alikuwa opereta katika kituo hichohicho, mmoja wa wale wanawake waliokaa mbele ya ubao wa matundu, visikilizio masikioni, wakiunganisha mji na mji. Yeye ndiye aliyempelekea malalamiko ya wateja, na jibu lile hakulipenda tangu siku ya kwanza. Walianza kwa kubishana kwenye waya, wakaishia kuoana. Mpaka leo, wote wawili wakiwa wastaafu, mke anamwita mumewe Fundi, na mume anamwita mkewe Opereta. Ukiwasikia sebuleni utadhani wako zamu.

Jumatano hiyo, saa sita na robo mchana, Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni, miwani imeteremka hadi ncha ya pua. Opereta aliketi kwenye kiti cha plastiki, karibu na kioo kiasi cha kukigusa. Dada yake, aliyemzidi miaka minne, alikuwa amefariki Jumapili katika nchi ya mbali alikohamia na watoto wake. Saa nane watu wangeanza kupita mbele ya jeneza kumuaga. Kabla ya saa tisa jeneza lingefungwa. Opereta hakuweza kusafiri, maana nyonga yake ilipasuliwa miezi miwili tu iliyopita, na presha ya macho ilikuwa imemlia uwezo wa kuona mpaka kwenye simu aliambulia mwanga mtupu. Kwenye televisheni kubwa, akisogea kabisa, bado aliweza kutambua uso wa mtu. Familia ya kule iliahidi kurusha mazishi moja kwa moja mtandaoni, na yeye alikuwa na haja moja tu duniani, kumwona dada yake kabla hajafunikwa.

Yote hayo yalitegemea kidude cheusi kisichozidi kidole, ambacho binti yao aliwaletea mwezi uliopita. Kilikuwa cha kuchomekwa nyuma ya televisheni ili ioneshe mambo ya mtandaoni. Fundi alikiacha ndani ya boksi mwezi mzima. "Kazi ya dakika tano hiyo," alikuwa akisema kila akiulizwa, na dakika tano hazikupatikana mpaka msiba ulipoingia.

Alikuwa ameanza saa tatu asubuhi. Kidude kiliwaka vizuri. Nembo ikatokea, wai-fai ikakubali, nywila ikapita. Kisha yakaja maandishi: Inasasisha, usizime. Asilimia zikapanda taratibu, kumi, ishirini, thelathini na nane. Hapo kioo kikawa cheusi. Baada ya muda nembo ikarudi, na kidude kikamuuliza tena, kama kwamba hawajawahi kuonana, angependa kutumia lugha gani.

"Imefika wapi?" Opereta aliuliza.

"Inamalizia."

"Ulisema hivyo saa nne, Fundi."

Fundi hakuwa mtu wa kubahatisha. Kazini alifundishwa kuigawa laini. Unapima katikati, ukikuta nusu hii ni nzima, ugonjwa uko nusu ile, unaigawa tena. Alikuwa na daftari pembeni na kila alichopima alikiwekea alama ya vema. Ruta nzima, kwa kuwa simu yake ilipata mtandao palepale. Nywila sahihi. Tundu la picha alilibadilisha. Mwisho alikifuta kidude chote kikawa kama kilivyotoka kiwandani, akaanza upya na ile rimoti, akiitafuta nywila ya herufi kumi na sita kwa kishale, herufi moja moja, jasho likimtiririka kwenye kwapa. Thelathini na nane. Giza.

Alimpigia binti yao mara tatu. Binti ni nesi, na akiwa wodini simu hubaki kwenye kabati. Iliita mpaka ikachoka.

"Unajua amekufa na hereni zangu," Opereta alisema ghafla. "Zile kubwa za duara. Aliziazima kwangu nikiwa mchumba wako, akaniapia zimepotea. Miaka yote nimemwambia nitazipekua kwake siku moja." Alijaribu kucheka.

Saa saba na nusu Fundi alimeza kiburi, na kwake hilo ni tonge kubwa, akapiga huduma kwa wateja ya watu wa kidude. Muziki ukamchezea dakika kumi na moja. Hatimaye akapokea binti mmoja mwenye sauti ya adabu. Alimsikiliza, akabofya mashine yake.

"Mitambo yetu iko sawa, mzee. Tatizo litakuwa upande wako."

Simu ilikuwa kwenye spika. Opereta alisikia kila neno. Siku nyingine angecheka mpaka ashike mbavu, na kutocheka kwake kulimuuma Fundi kuliko kejeli yoyote.

"Binti yangu, mimi nimefanya kazi hizi kabla hujazaliwa. Nimepima kila kitu."

"Sawa, mzee. Na umeme umekichomekea wapi?"

"Kinawaka. Kingewaka vipi kama hakina umeme?"

"Basi jaribu kukizima na kukiwasha," binti akasema, akamtakia siku njema.

Saa nane ikafika. Fundi hakuwa na la kufanya ila kufungua matangazo ya mazishi kwenye simu yake na kuiweka mapajani mwa mkewe, angalau asikie. Ulisikika wimbo wa taratibu, mtu akikohoa, kisha nyayo nyingi juu ya sakafu ngumu.

"Nasikia viatu," Opereta alisema. "Wameanza kupita."

Fundi alikizima kidude, akakiwasha. Thelathini na nane, giza. Alihisi hasira imemjaa mpaka masikio yakawa moto, na chini ya hasira kulikuwa na aibu. Aliinua mkono apige ubavu wa televisheni, akaushusha.

"Maisha yangu yote nimesikia watu, Fundi," mkewe alisema polepole. "Leo nilitaka kuona."

Fundi aliishika tena rimoti.

Opereta akaifinya simu mpaka ikanyamaza. "Washa tena," akasema. "Na wewe usipumue pumue hapo. Niache nikisikilize." Akasogeza sikio kwenye ubavu wa televisheni, akafumba macho. Asilimia zikapanda. Kioo kilipokuwa cheusi aliinua kidole. "Hapo. Kabla picha haijaondoka kuna kitu kinalia tik, nyuma huku. Na kila mara ni kikishaanza kufanya kazi nzito. Huo si mtandao, Fundi. Mtandao ukikatika, mtu hubaki palepale anasubiri. Hiki kinazimia." Kisha akauliza, "Unakumbuka duka la vitambaa?"

Alilikumbuka. Simu ya duka lile ilikuwa na mlio safi ukiinua mkono wake, lakini mtu akipiga, kengele iliita nusu na kukata. Mara tatu alimwambia mwenye duka tatizo liko upande wake. Mara tatu Opereta alimwambia anaisikia ikifa kila inapotaka kuita. Wiki ya pili ndipo alipopanda nguzo akakuta kiungo kimeliwa na kutu. Umeme uliopita pale ulitosha kunong'ona, haukutosha kupiga kengele.

Fundi alitazama waya mwembamba uliotoka kwenye kidude ukaingia kwenye tundu dogo la televisheni, na akauona ujinga wake wote kwa mara moja. Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kufunga simu iliyochomekwa ukutani. Simu za enzi zake zilikula umeme kwenye waya uleule ulioleta maneno. Kwa hiyo alipoona kidude kimening'inia kwenye televisheni, akaona kabisa kwamba televisheni ndiyo ya kukilisha. Kile kichwa cha chaji kilichokuja ndani ya boksi alikicheka, akakihifadhi kwenye kopo la biskuti pamoja na vipuri vyake. Na tundu la televisheni lilikuwa likikipa kidude umeme wa kunong'ona.

Aliinuka, magoti yakalia. Akalimwaga kopo lote sakafuni, skrubu zikatawanyika hadi chini ya kochi, akakipata kichwa cha chaji. Waya aliouchomoa kwenye televisheni ulikuwa mfupi na ulifika kwenye soketi moja tu, ile ya nyuma ya kabati, iliyolegea tangu mwaka juzi na ambayo kila mwezi aliahidi kuibadilisha. Alijipenyeza ubavu ubavu kati ya kabati na ukuta. Akachomeka. Kichwa kikadondoka. Akachomeka tena, akakishikilia kwa kiganja.

"Nisomee," alisema kutoka huko nyuma.

Opereta alibandika pua kwenye kioo. "Ishirini. Thelathini na tano." Akapangusa kioo kwa kiganja. "Thelathini na tisa, Fundi."

Ilipofika mia, saa ya ukutani ilionesha saa nane na dakika arobaini na sita. Opereta alimrushia ile simu nyuma ya kabati, naye Fundi akaidaka kwa mkono mmoja, akatafuta kwa dole gumba ile alama ya kupeleka picha kwenye televisheni. Mwanga ukabadilika juu ya ukuta. Sauti ikajaa chumba.

"Unaona nini?"

"Maua meupe. Watu wamesimama. Hawapiti tena, wamemaliza."

Kisha ikasikika sauti ya mtoto wa marehemu, nzito na iliyokauka kwa kulia. "Mama mdogo, kama unatuona, tunafunga sasa. Nimewaambia wasubiri kwanza. Huyu hapa."

Mbele ya macho ya Fundi kulikuwa na rangi iliyobanduka na utando wa buibui. Mkono ulianza kuchoka begani, kisha kwenye kiwiko. Akaukandamiza ukutani kwa uzito wake wote.

"Opereta?"

Hakumjibu yeye. Ilikuja sauti ambayo Fundi hakuisikia tangu walipostaafu, ile ya kazini, iliyonyooka na isiyo na haraka.

"Nakupata," mkewe aliiambia televisheni. "Endelea."

Kisha, kwa sauti yake ya nyumbani, iliyolowa machozi, akasema, "Amezivaa. Hereni zangu, mwizi mkubwa. Zimempendeza."

Fundi aliegemeza paji la uso kwenye ukuta. "Opereta," akasema, "tatizo lilikuwa upande wangu."

"Najua," alisema mkewe. "Usiachie."

Hakuachia mpaka udongo ulipomaliza kumwagwa.