Karatasi ya Wapiga Kelele

Tone la kwanza likigonga bati, mpaka leo mkono wangu wa kulia hutafuta penseli. Huanza matone matatu au manne, mazito, yaliyoachana, kama mtu anayerusha kokoto juu ya paa. Halafu hutulia kidogo, ndipo mvua yenyewe inaposhuka. Katika utulivu ule mfupi Mwalimu Khatibu alikuwa akiweka chaki chini, akichungulia dirishani na kusema, "Monita, karatasi." Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa skuli, na mbele ya nyumba, juu ya majamvi, karafuu zake zilikuwa zimeanikwa. Ulikuwa msimu. Karafuu iliyokaribia kukauka ikilowa huharibika, kwa hiyo mvua ikianza kila mtu hutoka mbio kwenda kuanua, awe mwalimu au shehe. Mwalimu Khatibu naye alitoka mbio, amekunja suruali hadi magotini, nami nikaachiwa darasa. Nilikuwa darasa la nne, katika skuli ndogo kaskazini ya Pemba, si mbali na Wingwi, na nilikuwa monita kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka.

Nieleze namna karatasi ile ilivyofanya kazi, maana huenda wewe unayesoma hukupita katika skuli kama yetu. Monita alisimama mbele, ubavuni mwa ubao, akiwatazama wenzake. Aliyefungua mdomo aliandikwa. Mwalimu akirudi aliisoma karatasi kwa sauti, na kila aliyetajwa alitoka mbele kupokea bakora mbili viganjani. Darasa zima lilinuka karafuu mbichi, kwa kuwa tulikuwa tumetoka kuchambua tangu alfajiri na vidole vyetu vilikuwa vyeusi kwa utomvu usiotoka kwa sabuni. Wengine walisinzia. Wengine hawakuja kabisa, walikuwa juu ya mikarafuu pamoja na wazazi wao. Lakini karatasi ilikuwa na sharti moja ambalo watoto wenzangu hawakulijua, alinieleza mwalimu peke yangu siku aliyonichagua: haiwezi kurudi tupu. "Darasa zima, asipatikane hata mmoja?" aliniuliza, na alikuwa akitabasamu. "Ukiniletea tupu, nitajua aliyekuwa akizungumza ni wewe."

Kwa majuma mengi sharti hilo halikunisumbua, kwa sababu tulikuwa na Hamadi. Hamadi aliandikwa kila siku, na kila siku alistahili. Alifikia hata kunielekeza. "Weye monita," alikuwa akiniambia mbele ya watu wote, "mie niweke wa mwisho kabisa, bakora ikinifikia mkono wa mwalimu ushachoka." Darasa lilicheka, nami nilipata majina mengine matatu kutokana na kicheko hicho. Nilipomwandika wa mwanzo kwa kumkomoa, alilamba viganja vyake huku akienda mbele na kuninong'oneza, "Allah atakulipa, monita." Hatukuwa na chuki. Nilidhani hivyo ndivyo darasa linavyotulizwa, na kwamba mimi nilikuwa hodari wa kazi hiyo.

Siku ninayoikumbuka mimi, Hamadi hakuwepo. Alikuwa shambani na baba yake, na nusu ya wavulana pia hawakuwepo. Mvua iliyoshuka ilikuwa kubwa kiasi kwamba bati lilinguruma, nami nilipomwona mtoto wa nyuma akipiga chafya, niliona kichwa chake kikitikisika bila kusikia kitu. Watoto walikaa wamejikunyata kwa baridi. Wengine walilaza vichwa juu ya madawati. Nilitazama midomo, mmoja baada ya mwingine, na yote ilikuwa imefumbwa. Kisha mvua ikapungua, nikamwona mwalimu akivuka uwanja, shati lake limeganda mgongoni, na karatasi yangu ilikuwa nyeupe.

Nilikuwa na muda wa kuandika jina moja. Sikuchagua kwa hasira, na hilo ndilo linalonirudia. Nilichagua kwa hesabu. Nilimtazama binti wa mamangu mdogo, nikajua atanisema nyumbani. Nilimtazama mwingine, nikajua kaka yake angeningojea njiani. Kisha nikamwona Mize. Mize alikaa dawati la pili, karibu na dirisha, msichana mwembamba aliyelelewa na bibi yake, aliyeongea kwa sauti ya chini hata akiulizwa jina lake. Nilimwandika yeye kwa sababu alikuwa mtoto pekee darasani ambaye hangebisha.

Hakubisha. Mwalimu aliposoma jina lake, darasa liligeuka kumtazama, na hata mwalimu mwenyewe alisita. "Mize?" aliuliza. "Leo umepata maneno?" Watoto wakacheka. Alitoka mbele akanyoosha mikono yake yenye vidole vyeusi, akapokea bakora mbili, akarudi kukaa. Wakati wa mapumziko alinifuata hadi nyuma ya tangi la maji. Hakuja kugombana. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepoteza kitu na amekuja kuuliza kama kimeokotwa.

"Salma," alisema, "nilisema nini?"

Ningeweza kumwambia. Tulikuwa wawili tu. Lakini niliwaza bakora za karatasi tupu, nikawaza na zile za karatasi ya uongo, ambazo bila shaka zingekuwa nyingi zaidi. Nikamjibu, "Ulisema. Nilikusikia." Alitikisa kichwa polepole, akakubali.

Kuanzia siku iliyofuata, kila mvua ilipoanza, Mize alishika pindo la mtandio wake mweupe, akalikunja mara mbili na kulitia kati ya meno. Mwanzo ilikuwa wakati wa mvua tu. Baadaye ikawa tangu kengele ya asubuhi. Alikuwa akijilinda na mdomo wake, ambao sasa alikuwa na ushahidi kwamba unaweza kusema bila yeye kujua. Mwalimu alifurahi. "Mtazameni Mize," alituambia, "mtu akirudiwa kwa bakora mara moja hutengenea." Niliposikia hivyo niliapa kwamba nitasema ukweli kesho. Kesho hiyo niliiapia msimu mzima. Karafuu zikaisha, majamvi yakakunjwa, na mwisho wa mwaka kila mtoto akaitwa mbele kusoma kwa sauti ili apandishwe darasa. Mize alisimama na kitabu mkononi. Aliyajua maneno yale, nilikuwa nimemwona akiyafuata kwa kidole. Pindo halikutoka mdomoni. Mwalimu alingoja kidogo, akaandika kitu kwenye daftari lake na kuita jina linalofuata. Mwaka uliofuata Mize alitakiwa kurudia darasa la nne, na hakuonekana tena skuli.

Sasa mimi mwenyewe ni mwalimu, karibu na Chake Chake, na nina darasa lililojaa hadi mlangoni. Walimu wapya huniuliza ninawanyamazishaje watoto wote hawa bila bakora. Huwaeleza kwa furaha, maana ni jambo la kufundishika. Nawaambia washushe sauti badala ya kuipandisha. Nawaambia wasimame karibu na mtoto anayehangaika, wamjue kwa jina kabla hajakosa, wawape wote kazi ya mikono mvua inapoanza. Na nawaambia wasimpe mtoto karatasi awaandike wenzake. Hapo huwa siendelei, wala hawaniulizi sababu.

Mwaka huu, siku ya kuandikisha, alikuja mwanamke kutoka Vitongoji amemshika mkono binti yake. Alitoa salamu, akanitazama, akaanza kucheka. "Salma! Si weye monita wetu?" Alikuwa Mize, amenenepa kidogo, sauti yake bado ya chini. "Huyu Raya," alisema. "Hana maneno, mwalimu. Kanirithi mie." Mtoto alikuwa ameuma pindo la mtandio wake.

Nilimpeleka Mize kando, chini ya ukuta wa ofisi, nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu karatasi isiyotakiwa kurudi tupu, na Hamadi aliyekuwa shambani, na namna nilivyohesabu nani hatabisha. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanigusa mkono, kama anayemtuliza mgonjwa.

"La, Salma. Nilisema. Nilikuwa nikisoma ile sura ya Kurani niliyohifadhishwa chuoni. Mvua ilikuwa kubwa, nikadhani hapana asikiaye. Weye ukasikia. Miaka yote hii nastaajabu, masikio gani yale!"

"Sikusikia kitu, Mize. Wallahi niliandika tu."

"Usijisingizie, shoga. Weye hukuwa mtoto wa kumwandika mtu bure."

Akaniaga, akamwacha mwanawe mlangoni mwa darasa langu na kwenda zake. Nilibaki nimesimama na ukweli wangu ambao hakuuhitaji tena. Alikuwa ameshajijengea wake, na mimi nilikuwa mtoto mwema ndani yake.

Raya anakaa dawati la pili. Kila asubuhi namwuliza jambo dogo, nangoja, na wenziwe wamejifunza kungoja pamoja nami bila kucheka. Hajanijibu bado. Simharakishi. Juma lililopita mvua ilishuka ghafla wakati wa hesabu, bati likanguruma, na mimi nikaacha kufundisha kwa kuwa hakuna ambaye angenisikia. Watoto walikuwa wakichora. Nilipotazama upande wa dirisha, pindo la mtandio wa Raya lilikuwa limeanguka kifuani, limelowa mate na kukunjamana, na midomo yake ilikuwa ikienda haraka, bila kusita, kama ya mtu anayejua anachokisema. Sikusikia hata neno moja. Mkono wangu wa kulia ukaanza kutafuta penseli. Niliufumba, nikaurudisha nyuma ya mgongo, nikabaki palepale nilipokuwa hadi mvua ilipokatika.