Ile picha tuliyoiita ya nusu

Wapendwa wa Shanwe, wa Sitalike, wa Kibaoni na nyie mlio mbali, nawasalimu. Huku nyumbani Mama yetu hajambo, anakunywa uji kidogo. Wifi Regina, mke wa marehemu, hajambo, leo ameoga na kubadili kanga. Baba Neema hajambo. Neema hajambo, ndiye ananisaidia kubandika haya. Hata mbuzi hawajambo.

Nimewataja wa nyumbani wote, nikafika kwa kaka Doto, kidole kikagoma. Wiki ya pili sasa tangu tumzike na kichwa changu hakijakubali.

Kwa msiotufahamu: Kulwa na Doto ni mapacha, mimi Shija ndiye niliyewafuata. Doto ndiye yule mpiga picha wa karibu na stendi ya Mpanda. Wengi wenu pasipoti saizi zenu kapiga yeye.

Alikuwa anakwambia, "Kidevu juu, dada, hujakamatwa." Ukicheka tu, tayari kakupiga.

Kuna mwaka Kulwa alidaiwa picha ya fomu ya ushirika, akaona uvivu kutoka Kibaoni. Doto akavaa shati jingine, akajipiga mwenyewe, akamtumia. Sura moja, nani angejua? Tulicheka mpaka Mama akatufukuza jikoni.

Sasa niseme kilichomuua, maana nimechoka kusikia kalogwa, kalogwa. Hakulogwa. Ni saratani ya tezi dume.

Alianza kwa kukojoa kwa shida. Kipimo cha damu hakikuwa kizuri, akaelekezwa Mwanza kwenye MRI, ile mashine inayopiga picha ndani ya mwili. Nilimsindikiza mimi. Hakuchomwa ile sindano ya dawa ya kung'arisha picha. Robo saa hivi, katoka.

Daktari akatuonyesha doa. "Hapa pana shaka. Tuchukue kinyama kidogo cha hiyo tezi tukapime, tusichelewe."

Nikamwuliza, mbona jirani yetu Mzee Sospeta alichomwa sindano na akalala humo muda mrefu? Akanijibu vizuri tu, "Mama, zipo namna mbili. Ya sindano inatusaidia zaidi picha ikiwa haieleweki. Hii yake inaeleweka."

Mimi sikuelewa. Au ni woga, sijui. Nilidhani ya haraka ndiyo wanayopewa wanyonge. Nikasema kwanza tukaulizane nyumbani.

Kwenye basi Doto akaniambia, "Shija, hiyo sindano ni kama flashi. Mwanga ukitosha, flashi ya nini? Doa nimeliona kwa macho yangu."

Mtu wa picha ndiye anasema! Na mimi nikamjibu, "Nyamaza, wewe unajua za harusi."

Tukakaa kikao kwa Mama. Mzee Sospeta akasema, "Robo saa? Hapo wamekupungia mkono tu!" Watu wakacheka. Nikasimama mimi, mdomo huu huu, nikasema kaka yangu hatolewi kinyama kwa picha ya nusu.

Doto akatutazama mmoja mmoja. "Haya. Nyie wengi."

Tukawa tunasubiri kwenda kupigwa ile nzima, ya sindano. Mara mvua imekata barabara, mara mavuno, mara mimi naumwa. Mwaka ukapita na zaidi. Mgongo ukaanza kumuuma, akasema ni kuinama kwenye kamera.

Tulivyorudi Mwanza akapigwa ile ya sindano. Jamani! Doa lilelile, palepale. Limekua tu, na ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa ya mgongo. Tumezunguka kote kule kwenda kuambiwa tulichoambiwa mwanzo.

Daktari hakutugombeza. Heri angetugombeza.

Nilimwomba Doto msamaha akiwa kitandani. Akasema, "Ulikuwa unaniogopea, Shija. Ila Kulwa usimwogopee hivyo."

Sasa kaka Kulwa, haya ni yako, na nayaandika mbele za watu kwa sababu simu zangu hupokei. Damu yako imepimwa, haikuwa nzuri. Karatasi ya kukutuma MRI unayo kwenye mfuko wa shati. Ukarudi kwenye mpunga wako Kibaoni ukasema, "Mimi na Doto mwili mmoja, picha yake ndiyo yangu, imeshajulikana."

Haijajulikana! Hii siyo fomu ya ushirika. Daktari kasema pacha wa mgonjwa ndiye wa kupimwa haraka, kwa kuwa ugonjwa ukikutwa mapema dawa ipo. Doto hatukumwahi. Wewe unajificha nini?

Wakikupiga ya sindano, sawa. Wakikupiga isiyo na sindano, sawa. Hiyo kazi ni yao. Wakisema wanataka kinyama, toa, usingoje kikao. Atakayeitisha kikao nitamfukuza na mwiko, hata awe Mzee Sospeta.

Na nyie wanaume mnaosoma hapa mkiguna, nyie pia. Msiwaulize dada zenu wenye woga kama mimi. Muulizeni daktari, mkishaelewa mfanye.

Doto, kaka yangu. Kidevu juu huko uliko. Studio yako tumeifunga, lakini lile zulia la kupigia picha nimelikung'uta vumbi na kulikunja vizuri kama ulivyokuwa unapenda. Pumzika, ulikuwa umeona sawasawa.

Kulwa, siku ya mazishi, Mama alikushika mashavu akakuita Doto, na hukumkatalia. Sura hiyo imebaki moja. Jumatatu nipo stendi nakusubiri na begi langu, na safari hii mimi nitanyamaza.

Nijibu leo, hata neno moja. Na aliye karibu naye huko Kibaoni amsomee haya kwa sauti, kisha aniletee jibu upesi.