Rais Aliyekunywa Strungi Kwetu

Maranda ya saiprasi yana harufu tamu, karibu ya kuliwa, na nilipokuwa mdogo niliwahi kuyatafuna nikashangaa kukuta hayana ladha yoyote. Karakana ya baba ilikuwa Kawangware, hatua chache kutoka steji ya 56, katikati ya saluni ya mabati na duka la misumari, nasi tuliishi kwenye ploti iliyokuwa nyuma yake. Kwa hiyo nyumba yetu nzima ilinuka mbao: mablanketi, sare za shule, hata muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ambayo mama, Mkamba wa Kitui asiyetaka masihara katika mambo ya chakula, aliyapika na maharagwe karibu kila siku. Baba alikuwa fundi wa vitanda. Alikuwa mtu wa maneno machache sana, na mama alisema Mungu aliyachukua maneno yote aliyomnyima baba akanipa mimi. Jina langu ni Mwende, lakini pale ploti waliniita Redio.

Baba na mafundi wenzake wa Kawangware na Kibera walikuwa na umoja wao. Walikuwa Wakamba, Wakikuyu, Waluo, Waluhya na Wanubi, na kazi ya umoja ilikuwa kuzikana, kuazimana vyombo na kusuluhisha ugomvi. Kiongozi wao walimwita Rais. Lilianza kama utani, halafu utani ukageuka jina. Rais alikuwa Mzee Marjan, Mnubi wa Kibera, fundi wa milango, mrefu, mwenye kofia nyeupe na viatu vilivyong'aa hata wakati wa matope. Kila mwaka walimchagua upya kwa mlolongo: mgombea anasimama uwanjani, wanaomtaka wanapanga foleni nyuma yake, na foleni zinahesabiwa kwa sauti mchana kweupe. Mwaka mmoja mpinzani wake alisimama peke yake kabisa. Mzee Marjan alitoka mbele ya foleni yake ndefu, akaenda kusimama nyuma ya yule mpinzani, akisema haifai mtu asimame bila mwenzake. Mafundi walicheka mpaka wakalia, na baba, ambaye hakuwa na hadithi, aliisimulia hiyo kila Krismasi.

Niseme mapema ili nisionekane nazunguka. Rais huyo aliuawa Januari ile mbaya ya 2008, baada ya uchaguzi, siku mbili tu baada ya kuja kwetu, na kwa zaidi ya miaka kumi na mitano niliamini kwamba mimi ndiye niliyemuua. Nilikuwa na miaka tisa. Sikushika panga wala jiwe. Nilifungua mdomo tu.

Mtu ambaye hakuwa Nairobi wakati huo huenda asielewe jinsi neno moja linavyoweza kuoza. Kabla ya Krismasi, neno rais lilikuwa la nyimbo na filimbi na fulana za bure. Baada ya matokeo kutangazwa, likawa swali la kukutegea njiani. Vijana walisimama kwenye kona, wakakuuliza, "Rais ni nani?" na jibu lililokuokoa kona hii lingekuponza kona inayofuata. Shule zilichelewa kufunguliwa. Maziwa yalikosekana, unga ukapanda bei, na moshi wa matairi uliingia hata kwenye maranda ya baba, nikaichukia ile harufu mpya. Mafundi waliofanya kazi pamoja miaka nenda miaka rudi walifukuzana. Fundi wa makabati, ambaye karakana yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, alitoroka na watoto wake bila hata kubeba randa yake, na baba akaificha chini ya kitanda changu ili isiibwe. Huyo alikuwa amefanya kazi karibu na baba tangu kabla sijazaliwa. Mimi nilikuwa nauliza atarudi lini, na mama ananiambia ninyamaze nile.

Ndipo Alhamisi moja, mchana, mtu akabisha. "Salama hapa?" Alikuwa Mzee Marjan, ametembea kutoka Kibera peke yake, viatu vinang'aa vile vile. Mama nusura aangushe sufuria. "Mzee! Umepita wapi, na hii hali?" Alijibu kwamba amepita njia ya nyuma, ya Riruta, na miguu yake, kwani ina kabila gani? Akakaa kwenye kitanda ambacho hakijauzwa, akaomba chai. Mama aliona aibu kweli, akasema hakuna maziwa, ni strungi tu. Akasema strungi ndiyo chai yenyewe, maziwa ni kuificha, akanywa vikombe viwili na kula sahani nzima ya muthokoi huku akimsifu mama mpaka mama akasahau kuogopa. Mimi nilikaa mbele yake nikimwangalia. Kwa akili yangu ya utoto nilijua kwamba huyu si yule rais wa redioni, lakini nilijua pia kwamba watu walikuwa wakipigania rais, na wetu alikuwa hapa, anakula kwetu. Kifua kilinijaa.

Alichokuja kuomba kilikuwa hiki. Jumamosi saa nne asubuhi, mafundi wote wakutane kwenye karakana ya baba, wale waliofukuzwa na wale waliobaki, na siku hiyo hiyo kila mmoja arudi na mwenzake mpaka kwenye benchi lake na kumsimamia akifungua. Yeye mwenyewe angekuja kutoka Kibera na wa upande ule. Baba akasema, "Kuna watu hawatapenda, Rais. Wengine wameshaanza kugawana hizo karakana." Mzee Marjan akasema ndiyo sababu iwe Jumamosi hii, si nyingine. Baba akakubali. Mgeni alipoondoka, baba alinigeukia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza anihutubie mimi peke yangu: "Mwende, hilo neno Rais lisitoke nje ya huu mlango. Kuanzia leo ni Mzee Marjan. Na hajakuja hapa. Umeskia?" Nikasema nimesikia. Na kweli nilikuwa nimesikia.

Kesho yake asubuhi mama alinituma bombani na mtungi wa lita tano. Foleni ilikuwa ndefu, na watoto wa ploti ya pili walikuwa wakijigamba. Mmoja baba yake alikuwa ameona helikopta ya mheshimiwa. Mwingine mjomba wake alikuwa amesalimiwa kwa mkono na mbunge. Mimi nilikuwa na mtungi wangu, na siri iliyokuwa inanichoma ulimi kama uji wa moto. Nilivumilia, naapa nilivumilia. Halafu yule mwenye mjomba akaniambia, "Wewe Redio, kwenu hata diwani hajawahi kuja." Basi! Nikasema, "Sisi Rais alikunywa strungi kwetu jana!" Walicheka vibaya. "Hiyo ni uongo! Mwende ni mwongo, mwongo, mwongo!" Wakanizomea kwa makofi. Machozi yakanilenga. Kijana mmoja wa kuvuta mkokoteni wa maji, aliyekuwa akijaza mitungi yake, akainuka akaniuliza polepole, "Rais gani huyo? Wao ama wetu?" Nikamwambia ni wetu, wa mafundi, wa Kibera, na kama wanabisha waje kesho saa nne wamwone. "Kwani yeye hupitia wapi?" Nikasema hupitia njia ya nyuma, ya Riruta, kwa sababu nilimsikia akimwambia mama hivyo. Foleni ilikuwa na watu wazima pia. Wengine walicheka. Wengine hawakucheka. Nilijaza mtungi wangu nikaenda nyumbani, na nusu ya njia tu nilishaelewa nilichofanya. Maji yakimwagika hayazoleki. Sikumwambia mtu.

Jumamosi mafundi kumi na mmoja walifika, nikawahesabu kwa dirisha. Yule wa makabati alikuwa miongoni mwao, amevaa koti si lake. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Karibu na saa sita mtu alikuja mbio akamnong'oneza baba, na baba akakaa chini kwenye maranda, mtu mzima, mbele ya watu. Mzee Marjan alikuwa amekutwa kwenye kijia cha upande wa Riruta. Wale aliokuja nao walikuwa wametawanywa kwa mawe, yeye peke yake ndiye aliyefuatwa. Hawakuchukua saa yake wala simu yake. Walimtaka yeye. Alizikwa jioni ile ile kama ilivyo desturi ya Waislamu, na baba hakufika kwa sababu barabara zilikuwa zimefungwa. Lakini kabla mafundi hawajaondoka kwetu, walifanya alichowaomba. Walimchukua fundi wa makabati, wakamsindikiza mpaka kwenye benchi lake, wakasimama pale huku anafungua, wote kumi. Baba alitoa ile randa chini ya kitanda changu akampa.

Kuanzia siku hiyo nikanyamaza. Mama alidhani ni homa, akanipeleka zahanati, wakanipa tembe. Majirani walitania kwamba betri za redio zimekwisha. Nilikuwa na hakika kwamba kijana wa mkokoteni ndiye aliyepeleka maneno, na kila nilipoona mkokoteni wa maji nilipita njia nyingine. Nilikua hivyo hivyo. Shuleni niliandika vizuri lakini sikuinua mkono. Wenzangu wakisimulia utoto wao, mimi niliosha vikombe. Naye baba kila Idi alibeba kilo mbili za sukari akaenda Kibera kumwamkua mjane wa Rais, na kila Idi aliniambia twende, nami kila Idi nikaumwa na kichwa. Baba hakuuliza. Nilimshukuru na kumchukia kwa kutouliza.

Idi ya mwaka jana mgongo ulimlaza baba. Akanikabidhi sukari, na sikuwa na kichwa cha kuumwa tena, mtu wa miaka ishirini na sita. Mjane wanamwita Haboba, yaani nyanya kwa Kinubi, na nyumba yake ni ya zamani, ya udongo na mabati, ambapo ukisimama mlangoni unaziona ghorofa za Nyayo Highrise zikiwa zimeanikwa nguo. Alinikaribisha, akanishika mashavu, akasema nina macho ya baba yangu. Alipokwenda kuniletea chai nilitamani kukimbia. Aliporudi nikasema yote kwa pumzi moja: bomba, strungi, Riruta, mkokoteni. Nikasema, "Haboba, ni mimi niliyemuua mzee."

Aliweka kikombe chini. "Kwani wewe ndiye yule mtoto?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza, taratibu, huku akikunja na kukunjua pembe ya leso yake. Ijumaa ile, baada ya swala ya mchana, kijana mmoja wa mkokoteni alifika kwake jasho likimtiririka. Alikuwa ametembea kutoka Kawangware kuja kuonya. Alisema mzee asiende kesho, kuna mtoto amesema bombani, wenzake wakamwita mwongo naye akawaambia waje wamwone, na kuna watu kwenye foleni ile waliokuwa wanatafuta neno kama hilo. Kwa hiyo Rais alijua. Haboba alimshika kanzu, akamwambia abadilishe njia, abadilishe siku, augue. Mzee alikuwa ameketi pale mlangoni anapiga viatu rangi. Alicheka, akasema, "Nisipotokea saa nne, mafundi watasema Rais wao naye ni kama wale wa redioni. Na huyo mtoto wa watu ataitwa mwongo."

"Nilimkasirikia," Haboba akasema. "Mpaka leo namkasirikia. Yeye, si wewe. Wewe ulikuwa mtoto, ulimi wa mtoto hauna mlango. Yeye alikuwa mtu mzima, na alikuwa na mimi." Kisha akasukuma kikombe kwangu na kuniambia ninywe, chai inapoa. Nililia nikanywa, nikanywa nikalia, naye hakunibembeleza, alinitazama tu mpaka nikamaliza.

Sijui kama nimesamehewa. Najua kwamba mdomo wangu ulifanya lililofanywa, na hilo nitalibeba. Lakini sasa ninainua mkono kwenye mikutano, na mama anasema redio imepata betri. Tumeshapiga kura mara kadhaa tangu wakati ule, na kila msimu wa kura wakubwa hupita 56, wamesimama juu ya magari, hutupungia mikono, hutuahidi barabara na maji, kisha huenda zao, nasi hatushangai wasiporudi. Siwachukii. Nawatazama tu kutoka mlango wa karakana, na kumtafuta kati yao hata mmoja ambaye angetembea kwa miguu kutoka Kibera mpaka hapa, akijua kinachomngoja njiani, ili mtoto wa fundi wa vitanda asiitwe mwongo.