Kaka Aliniambia Nisizime Gemu

Admin, nifichie jina, maana ndugu zangu wengi wamo humu. Mimi ni mwanamke niliyevuka hamsini, mwalimu, naishi na mama yangu Temeke kwenye nyumba ile ile aliyotulelea. Tulizaliwa wawili tu, kaka yangu Shabani na mimi. Mama sasa ni mgonjwa wa kitandani na maneno yake yameanza kuwa ya kuaga. Nina jambo la kumwambia, na kila nikifungua mdomo, naishia kumuuliza kama anataka uji.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa chuo cha ualimu mkoani. Likizo moja nilirudi nyumbani na begi la vitabu, nikamkuta Shabani kaleta gemu. Alikuwa kibarua bandarini, kitu chenyewe alikipata kwa mabaharia, kwa njia gani sikuuliza. Ni kijidude cheupe chenye pedi mbili, unakichomeka kwenye televisheni. Vitabu nilivifungua siku ya kwanza tu. Siku ambazo Shabani hana kazi, tulikaa mkekani tangu chai ya asubuhi mpaka mama anarudi sokoni na kapu lake, anaanza kufoka mlangoni.

"Mwalimu mzima! Huko chuoni mnafundishwa kubofyabofya? Hao watoto watakaokupata wana kazi!"

Kulikuwa na vijitu viwili, chekundu cha Shabani na cha bluu changu, vinavuka mito na kuruka mashimo. Mmoja akibaki nyuma, picha haisogei, lazima mngojane. Mimi nilikuwa mzito wa vidole. Shabani alikuwa ananisubiri ukingoni huku ananicheka: "Mwalimu, njoo basi, mie naota ndevu huku!" Na ukizima umeme, yote mliyoyavuka yamepotea, mnaanza upya. Sijawahi kucheka katika maisha yangu kama nilivyocheka likizo ile.

Mchana mmoja tulifika mahali ambapo hatukuwahi kufika. Nje ukasikika mluzi, ni Mudi, rafiki yake wa bandarini. Shabani akasimamisha mchezo, akaweka pedi yake chini.

"Usizime. Nakuja sasa hivi."

Akatoka kwa mlango wa uani na kandambili na fulana yake ya kushindia nyumbani. Mimi nikafurahi kupumzisha vidole.

Hakurudi. Kesho yake tukasikia kwamba yeye na Mudi na vijana wengine wamezamia meli, wamejificha ndani waende Ulaya. Aliyekulia Temeke miaka ile anajua, karibu kila mtaa ulikuwa na mzamiaji wake na mama anayesubiri habari. Na mama yangu, aliyelichukia lile gemu, ndiye aliyekataa lizimwe. "Mwenyewe kasema anakuja," alisema, akafunika televisheni kwa kitambaa cha kufuma. Majirani wakija kuangalia taarifa ya habari wanaambiwa imeharibika. Mimi nilikuwa nasomea pembeni ya televisheni, na kitambaa kikipeperuka nakiona kile kijitu chekundu kimesimama kinapepesa macho. Nilianza kukiogopa. Halafu mgao wa umeme ukatufikia, televisheni ikazimika yenyewe, na mama akapiga ukelele ambao hata msibani sijawahi kuusikia.

Tangu hapo hataki hitima isomwe. Hataki Shabani aitwe marehemu wala aswaliwe swala ya asiyekuwepo. Mlango wa uani haufungwi komeo, na wezi wameshatuingilia, lakini hasikii. Wajomba wakianza kuzungumzia mambo ya mazishi ya mama mwenyewe, anawakatiza: "Mie ninaye mwanangu wa kiume. Yeye ndiye atakayenishusha kaburini, nyie mkae pembeni."

Sasa juzijuzi, kabla ya mwezi wa Ramadhani, Mudi akaja. Mvi kichwa kizima, kumbe miaka yote alikuwa Afrika Kusini. Alikaa na mimi barazani akakataa hata maji.

"Mabaharia waliwavumbua wenzangu tukiwa katikati ya bahari," alisema. "Mie nilikuwa nimejificha upande mwingine, hawakuniona. Waliwatupa majini wote. Nilimsikia Shabani ananiita, dada. Sikuitika. Ningeitika tungekwenda wote. Mwambie mama, mie sina uso wa kumwambia."

Tangu siku ile silali vizuri. Mjukuu wangu akisimamisha gemu lake kwenye simu aende kula, namwambia azime, anashangaa bibi ana nini. Nikimwambia mama, nitakuwa nimemwondolea kitu pekee kinachomuweka hai. Nikinyamaza, kaka yangu anaendelea kukaa baharini bila swala, bila hitima, kama mtu asiye na kwao. Na mama atakufa anasubiri mikono ambayo haiji kumpokea kaburini. Naumia, jamani. Nampenda mama na nampenda kaka, na siwezi kuwatendea haki wote wawili.

Siku ile Mudi alipoondoka niliingia ndani na uji wa mama. Alikuwa amefumba macho, nikadhani kalala.

"Hiyo ilikuwa sauti ya Mudi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kaja peke yake?"

"Peke yake, mama."

 Akageukia upande wa mlango wa uani, akavuta shuka lake.

"Basi usije ukafunga komeo. Mwenzie atakuwa nyuma."

Nyie mliowahi kumpoteza mtu msiuone hata mwili wake, nishaurini. Nimwambie mama yangu, au nami niuache mlango wazi mpaka mwisho wake?