Mtoto kwenye Mzani wa Maharage

Mwaka 2013 nilikuwa nesi kwenye zahanati moja Kasulu, upande wa Heru Juu. Mimi mtu wa Tanga, mdomo wangu hauna breki, na baridi ya kule ilinizidishia ukali. Mzani wetu wa kupimia watoto ulikatika springi, nikaomba mwingine mpaka nikachoka. Jumatatu moja jirani yetu, mnunuzi wa maharage, akatuazima wake wa kuning'iniza. Tulimshukuru sana. Tangu siku hiyo dozi za malaria tukazipanga kwa kilo za mzani ule.

Jumatano akamleta binti yake mwenyewe, hajiwezi kwa homa. Mzani ukasema kilo kumi na mbili, nikamchoma sindano ya malaria, nikamlaza. Kufika Ijumaa asubuhi homa iko palepale, macho yanageuka juu. Nilipomnyanyua nibadilishe shuka, nikashtuka. Nimelea watoto watatu, kilo kumi na mbili naijua, na huyu alikuwa mzito zaidi.

"Baba, mzani wako uko sawa?"

"Uko sawa, nesi."

Alijibu upesi mno. Mlangoni kulikuwa na foleni ya akina mama, karibu wote walimuuzia maharage msimu ule, na walikuwa wamenyamaza wanasikiliza.

"Dozi inafuata kilo," nikamwambia, wala sikupunguza sauti. "Kama mzani wako unapunja, umempunja mwanao dawa. Na siwezi kuongeza kwa kubahatisha, ikizidi inadhuru. Sema!"

Akamtazama mtoto, akatazama mlango. Mtoto anahema kwa shida, na baba mtu anafikiria! Mungu anisamehe, nilimchukia.

"Ukiweka kumi," akasema mwishowe, "unasoma nane."

Nikageuza kadi ya kliniki nikaandika nyuma yake: nane kwa kumi ni sawa na kumi na mbili kwa x. Hesabu hiyo nilichapiwa fimbo shuleni, nikidhani sitaihitaji maishani. Zidisha kwa mshazari: nane mara x ni mia moja na ishirini. Gawa kwa nane, x abaki peke yake. Kumi na tano. Nikarudia, ikaja ileile. Kilo tatu za mtoto yule zilikuwa hazijapata dawa tangu Jumatano.

Nilivuta dawa iliyopungua. Nje hakuna aliyemtukana yule bwana; kila mama alikuwa anamgusa mwanawe paji la uso.

Nilikuwa bado nimebana pamba pajani pa mtoto, mama mmoja akaingia bila kuitwa. Alikuwa na mwanawe mgongoni, kichwa kimeanguka upande, miguu inaning'inia.

"Dada nesi, na huyu wangu? Si ulimpima Jumanne, mzani huuhuu?"

Nilimgusa mtoto shingoni, alikuwa anawaka moto.