Huku banamuitaka Trois-quarts, kule bakamuambia eko muntu muzima

Wakuu, jambo yenu bote. Niko Lubumbashi, quartier Naviundu.

Hii yenye naandika, ingine niliiona na macho yangu, ingine nilisikia ku kinywa ya mwenye ilimufikia. Kama niliongeza chumvi mahali, radi inipige hata mu saison sèche ya kiangazi.

Mbele ya kuanza: Kiswahili yetu ya huku haiko kama ile ya kwenu. Mwenye anataka kunirudisha ku masomo, asema "andika watu, usiandike bantu", apite njia yake. Leo sina moyo ya dictée.

Niko na hasira. Munivumilie.

Rafiki yangu anaitwa Patient. Tulikomalia ku avenue moja, nyumba yao na yetu inatenganishwa na ukuta moja tu. Alizaliwa na muguu ya kushoto mufupi kuliko ya kuume.

Sasa huku kwetu, kama mwili yako inaweza kukupa jina ingine, ile ya mama yako bantu banaisahau. Basi bakamuita Trois-quarts. Robo tatu ya muntu. Hata pasta alisha kumuita vile, siku moja, mbele ya kanisa muzima, bila kujua ni matusi.

Mi ile jina sikuitamka hata siku moja. Jino yangu ya mbele ilibaki ku terrain ya ballon, nikipigana juu ya ile jina. Patient ye alikuwa anacheka tu.

"Dido, utamaliza meno, na bo bataendelea kuita."

Kiatu yake ya kushoto, muzee moja cordonnier ya ku soko njo alikuwa anaitengeneza. Alikuwa anaipandisha na kipande ya pneu, mupira ya gari. Soli ikichakaa, hatoe ya zamani, anagandisha ingine yulu yake. Muzee alikuwa anamupenda Patient, anasema mutoto asikanyage mawe. Ile kiatu ilikuwa nzito kama tofali. Muiweke hii soli mu akili, tutairudilia.

Sasa boulet.

Mujomba yake alikuwa anatumika ku usine ya mine. Mule muko mashine kubwa ya kusaga majiwe, na ndani banatiaka maboulet, matufe ya chuma, njo ivunje majiwe. Boulet moja ilichakaa, mujomba akaileta ku nyumba. Mama ya Patient akaifanya kazi ya kushikilia geti, upepo isiifunge.

Patient akaanza kuitupa. Muchezo tu. Siye tulikuwa tunapiga ballon, ye eko pembeni na chuma yake. Tulimucheka paka siku boulet iliruka fosse, ile shimo kubwa, ikafika ku parcelle ya jirani, ikapasua bassin yenye mama moja alikuwa anafulia ndani. Ile siku hakuna mwenye alicheka, tulikimbia bote. Ye mwenye muguu mufupi alifika wa kwanza.

Njo pale Coach Béa alimusikia. Ni mama moja anafundishaka gymnastique ku école, na saa ya jioni anazoezesha bantu ya handicap ku terrain moja njia ya Kasapa. Alimuangalia anatupa mara moja tu.

"We kijana, ile kipande ya muguu ulikosa, Mungu aliiweka ku bega."

Kutoka ile siku, mvua, jua, courant ya umeme hakuna, ye eko terrain. Mi natengenezaka matéléphone, sikusomea, nilifungua tu zenye zilikufa paka nikaelewa. Kila jioni nafunga kibanda, naenda kumurudishia boulet. Anatupa, naokota. Anatupa, naokota. Mugongo yangu inajua uzito ya ile chuma kuliko balance.

Akaenda Kinshasa ku majaribio. Akarudi eko mu équipe nationale.

Équipe nationale, wakuu! Ya inchi muzima, kuenda ku jeux ya dunia ya bantu ya handicap. Avenue yetu haiyapata kutoa hata arbitre ya ballon.

Kulibaki kitu moja. Docteur apime tofauti ya miguu, aandike, karatasi itumwe kule kwenye jeux.

Tukaenda batatu: Patient, Coach Béa, na mi. Docteur alikuwa na foule ya bagonjwa inje na téléphone ku sikio. Patient akainama kufungua kamba ya kiatu.

"Acha, acha," docteur anasema. "Ile soli si njo tofauti?"

Akakamata règle, akapima soli.

Coach akaitika. Mi nikaitika. Patient akaitika. Juu ilionekana akili: kwenye muguu inakosa, soli inajaza, non? Hakuna mwenye aliwaza muzee na pneu yake, yulu ya pneu, yulu ya pneu. Patient alisha kuzoea kutembea ameinamia upande ingine, siye tukasema njo vile anatembeaka.

Dakika kidogo tu ya kuvua kiatu. Hii inanikula paka leo.

Siku ya kuenda, avenue ilicheza. Bamama na bapagne ya bitenge, ngoma, vumbi. Patient amevaa survêtement ya inchi, jina yake iko mbele ku kifua. Alinivuta pembeni.

"Dido, siku ile batasoma jina yangu mu micro. Ile mama alinipa. Mbele ya dunia. Kiisha nione nani ataniita tena Trois-quarts."

Njo ile tu alikuwa anatafuta. Haikukuwa médaille. Jina.

Kule akawa anatutumia maphoto. Chakula. Kitanda. Chakula tena. Mi namuandikia "na mazoezi?", ye ananitumia photo ya ananasi. Nikasema, bon, eko na stress.

Siku ya kutupa ikafika. Tukakusanyika ku nganda ya Mama Sifa, baa ya avenue, tukatia télé inje. Na munajua nani alikuya? Mama ya Patient. Mama ya kanisa, hayapata kuingia mu nganda tangu azaliwe. Alivaa pagne ya dimanche, akakaa ku kiti ya mbele, katikati ya bachupa ya bière, mikono ku magoti kama eko mu ibada.

Batupaji bakaanza kupita. Jina, inchi, anatupa. Jina, inchi, anatupa.

Wa kwetu hakuna.

Nikasema atakuya. Nikasema banabakisha bakali kwa mwisho. Nikasema télé iko na kasoro, nikaipiga mukono.

Kijana moja anauzaka crédit ya téléphone, kinywa yake kama redio, akapaza sauti:

"Dido! Trois-quarts yako eko wapi? Ao écran inaonyesha bantu ya robo ine tu?"

Bantu bakacheka. Mi nikapindua casier, kreti ya bière. Tukakamatana, chupa ikavunjika, Mama Sifa analia casier yake, na ku télé mashindano inaisha. Nikiinua kichwa, batatu banapanda kupewa médaille.

Mama ya Patient hakugeuka hata kidogo.

"Dido, mutoto wangu eko wapi?"

Njo pale téléphone ikalia, vocal ya Patient, sauti alirekodi. Niliweka ku sikio, nyuma ya choo.

"Mukwetu, zima télé. Mupeleke mama ku nyumba. Nitasema nikifika."

Alifika. Ku Luano, kwenye ndege inashukaka, tulikuwa babili tu kumungojea, mama na mi. Hakuna ngoma. Tulipita avenue, bantu bakajifanya banafagia.

Jioni, tukakaa yulu ya ukuta yetu, akaniambia yote.

Kule, kabla ya kutupa, kila muntu anapita mbele ya badocteur. Bakamuambia avue kiatu. Akalala ku kitanda. Bakamupima kutoka mufupa ya kiuno paka mufupa ya kifundo, upande hii, upande ile. Bakaangaliana. Bakaita mwingine. Akapima tena.

Mama moja muzungu, mupole sana, akamueleza, na mufasiri anageuza:

"Muguu yako iko mufupi. Lakini haienei."

Wakuu. Musome tena.

Iko mufupi, lakini haienei.

Ufupi yenye règlement inaomba, ilikosa upana ya kidole moja; ile ingine yote ilikuwa pneu ya muzee. Kidole! Kama muguu yake ingekuwa mufupi kidogo tena, angetupa. Mungu alimukata, lakini hakumukata kwa kuenea.

"Ulijibu nini?" nikamuambia.

"Niliuliza, haienei kwa nani? Mufasiri hakugeuza. Aliangalia chini."

Coach Béa, mwenye alienda naye, alipiga kelele, akaomba bapime upya. Badocteur bengine bakakuya, bakapima, kidole ni ile ile. Yakaisha.

Mi nilisoma règlement yote kiisha, ku téléphone yangu, na dictionnaire pembeni. Nilikuwa natafuta kwenye balimuibia, nibatukane vizuri. Sikupata. Bale bazungu habakuiba. Na hii njo inaniuma kabisa, juu hasira yangu haina mahali ya kukaa. Docteur ya huku nilienda kumutafuta, nikagonga mulango yake paka mulinzi akanitoa na fimbo. Muzee wa soko je? Nimupige juu alimupenda mutoto?

Lakini haikuishia pale. Patient alibaki kule paka mwisho juu tiketi ya ndege ni ya équipe muzima. Alikuwa anasukuma kiti ya mwenzake moja mwenye anatupa disque. Anamuletea maji. Kule ku chakula, asema, unakaa na huyu hana mikono, huyu haone, huyu hana miguu yote mbili, na we unabeba sahani yako, unajisikia kama mwizi mwenye aliingia ku matanga bila kujua marehemu.

Na mukubwa moja ya délégation yetu, muntu ya Kinshasa, akamuambia mbele ya bote:

"Ulikuya kutembeza kilema ya kuazima."

Patient alinisemea hii polepole sana. Mi nilisimama yulu ya ukuta, nikaanza kutukana Kinshasa muzima. Akanivuta suruali.

"Kaa. Utaanguka, na we hauna hata kilema ya kukusaidia."

Alicheka ye peke yake.

Ile neno ilifika avenue kabla ya ndege yake. Ati alikuwa anadanganya. Ati alichechemea juu ya kutafuta visa. Benye balicheza ngoma njo banasema vile! Sasa batoto bako na jina mupya: Faux Trois-quarts, robo tatu ya bongo. Walahi, mi nilimwaga jino juu ya ile ya kwanza, leo naiomba irudi.

Mwezi yenye imepita, nikamusindikiza kuomba kazi. Dépôt moja ya unga, banatafuta bantu ya kupakia mifuko. Bega ya Patient munaijua. Ananyanyua mifuko mbili kama mito.

Patron alikuwa amekaa ku kivuli. Alimuangalia vile anatembea kutoka geti paka mbele yake. Hakumuachia hata aguse mufuko moja.

"Kijana, hapa hatukamataki bilema."

Damu ikanipanda. Nilisha kutupa sandale ili nimufikie muzuri. Patient akanizuia na mukono, hasira hakuna mu uso. Akainama mbele ya ule papa na heshima yote.

"Patron, tafazali. Hiyo neno umesema, uniandikie na utie tampon, muhuri yako. Kuko bantu ya mbali banahitaji kuisoma."

Patron akafikiri eko na kichwa mubaya. Akaita mulinzi.

Kufika ku geti yao, boulet iko palepale, inashikilia geti. Mama yake aliirudisha ku kazi yake ya zamani. Patient aliiangalia, akapita yulu yake. Na ile kiatu nzito.

Jana nilimuambia twende terrain, nitaokota. Anasema, "Dido, nitupe kwa nani?" Mama yake alikuwa anamuita kula, "Patient! Patient!" Sasa, kando yangu, ni ye peke yake anamuita na ile jina, na anaiita kwa nguvu, jirani basikie.

Funzo, kwa sababu huku munapenda funzo: kama muntu anakuya kupima maisha ya mwenzako, usimuache apime kiatu. Mwambie mwenzako avue. Hata kama ni docteur, hata kama foule iko inje, hata kama unaona haya. Ingine sina.

Benye kukuya kucheka, mucheke, sitawajibu, nimechoka na kupigana. Lakini mwenye anajua aniambie, hata kama jibu ni mubaya: muntu mwenye kule eko muzima sana, na huku eko kilema sana, anasimama wapi ili atupe?